Nilivyoikadiria Nyumba ya Kwetu

Kazi yangu ni kukadiria nyumba za watu. Mtu akitaka kuuza, au ndugu wakitaka kugawana, au benki ikitaka kujua kama nyumba inatosha kuwa dhamana, mimi ndiye ninayebisha hodi nikiwa na utepe wa kupimia na daftari. Mume wangu husema kwamba siku za kazi uso wangu ni wa mtu wa forodha. Wenye nyumba hunipa kiti, hunipa soda, hunihakikishia kwamba kuta zao ni imara kuliko za kanisa. Nawasikiliza wote kwa adabu na simwamini hata mmoja. Tabia hiyo sikufundishwa chuoni. Niliipata kwa nyumba ya kwanza niliyoikadiria peke yangu, na hasara yake ilimwangukia mama yangu.

Nilianza masomo hapa Likasi nikiwa na miaka ishirini na moja. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi kumi na tisa, na wasichana tulikuwa wawili. Mwenzangu aliacha mwaka wa kwanza akaenda kuwapikia wachimbaji upande wa Kambove, na baada ya miezi michache nikamwona mjini amevaa viatu ambavyo mimi sijavivaa mpaka leo. Majirani hawakuchoka kuniuliza: katika mji wa shaba, mtu mwenye akili zake anasomea kuta ili apate nini? Baba yangu ndiye aliyenielewa. Alisema mawe yataisha siku moja, lakini watu hawataacha kulala ndani ya nyumba. Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwake, na aliitoa bila kunung'unika, jambo ambalo kwa baba yangu lilikuwa muujiza.

Mwalimu wetu alikuwa mzee wa koti moja la kahawia, ambaye ujana wake wote aliumaliza akipima nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya madini. Alikuwa mkali kama pilipili. Alichukia sana mwanafunzi anayekimbilia mlango wa mbele.

"Zunguka kwanza," alikuwa akituambia. "Mbele nyumba inavaa. Nyuma njo unaona mwili yake."

Jumamosi alitutembeza mitaani. Alitufundisha kuweka kiganja ukutani ili kusikia unyevu, kugonga plasta kwa kidole na kusikiliza kama nyuma yake kuna uwazi, kuweka gololi sakafuni na kutazama inakimbilia upande gani. Darasani ilikuwa hesabu. Unatafuta gharama ya kuijenga nyumba upya leo, unatoa uchakavu, unaongeza thamani ya kiwanja. Uchakavu wenyewe ulitegemea sana kisanduku kimoja katika ukurasa wa tatu wa fomu yetu ya Kifaransa, penye maneno hali ya nyumba. Nzuri, wastani, mbaya: unatia alama moja tu. Kwa nyumba za umri wa zile za kambi ya wafanyakazi, alama ikihama kutoka wastani kwenda nzuri, bei inaruka kama panzi.

Na kanuni ya kwanza kabisa, ambayo mzee alitupa kabla hatujafungua madaftari, ilikuwa kwamba mkadiriaji haigusi nyumba ya jamaa yake. Alisema daktari mwenye akili hampasui mtoto wake mwenyewe. Tuliiandika na tukaipigia mstari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo, lakini guu lililovunjika safari hii halikuwa langu.

Baba alifariki mwaka wangu wa pili, mwanzoni mwa mvua. Kikohozi alichokibeba kutoka kiwandani, ambacho sisi wote tulikuwa tumekizoea kama saa ya ukutani, kilibadilika sauti, na baada ya wiki tatu hospitalini kikanyamaza. Sitaki kueleza mengi juu ya siku zile. Ninakumbuka mama akikunja shuka la hospitali kwa uangalifu mkubwa, akilinganisha ncha na ncha, na muuguzi akimwambia mama, wacha, litafuliwa, na yeye akiendelea kulikunja.

Baba alituachia nyumba moja. Ilikuwa nyumba ya kampuni, ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na sebule, yenye uwanja mrefu nyuma. Kampuni iliposhindwa kulipa mishahara, iliwakatia wafanyakazi wake nyumba badala ya fedha, na baba akapata hati ya ile aliyokuwa akiishi. Mama aliikuta akiwa bibi wa pili. Bibi wa kwanza alikuwa amekwisha kufa, akiacha wana wawili wa kiume, ambao mama aliwalea miaka michache kabla hawajakwenda zao, mkubwa Lubumbashi, mdogo Kolwezi. Kisha nikazaliwa mimi, mtoto wake pekee. Mama aliuza samaki waliotoka ziwa la Mwadingusha, na kwa faida ya samaki hao aliweka saruji kwenye kibaraza, akajenga jiko nje, akavuta maji mpaka uani. Kila tofali lililoongezwa pale lilinuka samaki, baba alikuwa akitania.

Siku ya kumaliza matanga ilipokaribia, miezi kadhaa baada ya mazishi, baba mkubwa, kaka yake marehemu, aliwaita watoto wote watatu na mama. Tulikaa sebuleni. Kaka zangu walikuja wamevaa vizuri, wanyenyekevu, wakamsalimu mama kwa mikono miwili. Nasema haya kwa sababu watu wakisikia kisa hiki huwatafuta mashetani, na pale mashetani hawakuwapo.

"Hatutaki makelele," baba mkubwa alisema. "Nyumba ni moja, batoto ni batatu, na mama iko. Tutafute bei ya kweli. Mwenye anataka kubakia mu nyumba, alipe benzake sehemu yabo. Kama anashindwa, tutauzisha, kila muntu akamate yake."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amenieleza siri yake wiki moja kabla: katika kikundi chao cha kuwekeana pesa, yeye na wenzake wa sokoni, zamu yake ya kupokea ilikuwa karibu, na pamoja na akiba nyingine alikuwa na kiasi fulani. Nilikifanyia hesabu mara nyingi kichwani. Nyumba ikikadiriwa kuwa ya hali ya wastani, mama angeweza kuwalipa kaka zangu na kubaki kwake mpaka kufa. Ikipanda juu ya hapo, hangeweza. Ilikuwa rahisi hivyo, na sisi wawili tulijua.

"Expert ataomba falanga mingi," kaka yangu mkubwa akasema. "Na dada yetu anasoma paka ile ile kazi. Apime yee."

"Lakini mama yake njo anaikala mule," mdogo wake akasema, akiangalia chini kwa haya. "Siseme mubaya, mama. Naulizia tu."

"Professeur yake ataweka signature," mkubwa akamjibu. "Na huyu dada, tangu utoto, bongo hayuake kusema, anasemaka kweli tu."

Wakacheka kidogo, na mimi nikacheka. Ningepaswa kusimama pale pale na kusema kwamba kazi yetu hairuhusu. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, jamaa nzima ilikuwa ikiniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye ujuzi, na nilijua kwamba kalamu ikiwa mkononi mwangu, mama yuko salama. Tena kila mwanafunzi alidaiwa kazi ya mwisho wa mwaka: faili kamili la nyumba moja. Nikaona nitaua ndege wawili kwa jiwe moja. Kuhusu mwalimu, hakukuwa na hatari. Kwetu mtoto hubeba jina la babu au la shangazi, si lazima la baba. Jina langu na jina lililo kwenye hati ya nyumba havikuwa na herufi mbili zinazofanana. Mzee angesaini bila kujua.

Sasa nieleze juu ya kumaliza matanga, maana kosa langu limekaa humo. Kwetu siku hiyo jamaa wanarudi, wanasali, mjane anavuliwa nguo za msiba, watu wanakula na kuinuka kutoka chini. Na nyumba lazima iwe safi. Haifai watu watoke Lubumbashi na Kolwezi waje wakute nyumba ya marehemu imesinyaa, kama kwamba aliyebaki ndani hakuwa na mkono. Basi wiki ile ile niliyopanga kupima, mama alitafuta fundi. Kuta za nje zikapakwa chokaa, za ndani zikapakwa rangi ya maziwa. Na chumbani, nyuma ya kabati, palikuwa na ufa. Mimi niliujua ufa ule tangu sijaanza shule. Ulianzia darini ukateremka mpaka karibu na sakafu, na kila malori ya mawe yalipozidi barabarani, nao ulizidi kupanuka. Nilipokuwa mdogo niliweza kuingiza ukucha, nilipomaliza sekondari niliingiza kidole. Fundi aliujaza saruji, akapiga plasta, akapaka rangi. Siku mbili baadaye ungeapa kwamba ukuta ule umezaliwa jana.

Nilimkuta mama ameketi jikoni akitoa magamba ya samaki, nikajaribu.

"Mama, bei ikishuka njo muzuri kwetu. Ile ufa, nikiiandika, inashusha. Na maji yenye inaingilia ku dari pia. Wacha niandike byote."

Hakuinua macho. "Unataka kusema nyumba ya tata yako, baba mwenye alikuzala, iko mubaya?"

"Haina mubaya. Wastani."

"Mbele ya batoto yake? Basome mu karatasi kama nyumba ya tata yabo inapasuka? Batasema: ule mwanamuke aliikala paka kukula tu, nyumba ya muzee inaoza." Akatupa samaki kwenye beseni. "Nilikomaa mu hii nyumba, mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi mtoto wake. "Minye sikulala."

Mficha uchi hazai, nilitaka kumwambia, na methali ile ilinifika mpaka kwenye ulimi. Lakini ni mama yangu. Nikajiambia kwamba hana haja ya kujua nitakachoandika, kwamba nitapima tu na kutia alama yangu kimya kimya, na kila mtu atabaki na heshima yake.

Nilipima siku ya Alhamisi, asubuhi. Mama alikuwa amevaa kitenge kizuri, ingawa bado alikuwa na kitambaa cha msiba kichwani. Alinipokea mlangoni kama mgeni! Alikuwa ametandika kitambaa mezani na kuweka glasi ya maji. Nikataka kucheka, kisha nikaona kwamba hafanyi mchezo. Akanishikia ncha ya utepe. Tulipima sebule, tulipima vyumba, yeye upande ule na mimi huku, akisoma namba kwa sauti na kungoja niandike. Alinionyesha kibaraza, akaniambia mwaka alioweka saruji. Alinionyesha mlango alioubadilisha. Alifungua bomba la uani mara mbili ili nione nguvu ya maji. Miaka yote nilikuwa nimeishi pale, na sikuwahi kujua kwamba dirisha la jikoni alilinunua kwa kuuza mkufu wa harusi yake. Aliniambia hivyo kwa sababu aliyekuwa mbele yake ni mkadiriaji. Mtoto wake hangemwambia.

Chumbani nilisogeza kabati. Niligonga. Plasta ililia uwazi, kama tulivyofundishwa, kuanzia juu mpaka chini. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu kiasi cha kunifanya nisikie pumzi yake. Nilifungua ukurasa wa tatu.

"Pale unaandika nini?"

"Hali ya nyumba."

"Na iko namna gani?"

Kalamu ilikuwa juu ya neno wastani. Mama alimaliza shule ya msingi kwa Kifaransa cha masista, angeweza kusoma. Nilimgeukia. Tangu baba alazwe sikuwa nimeuona uso ule: kidevu juu, macho yakingoja, kama mwanafunzi anayejua kwamba amejibu vizuri na anataka tu mwalimu aseme. Mtu mmoja maishani mwake alikuwa amekuja na karatasi rasmi kuuliza kuhusu kazi ya mikono yake. Ningemwambia wastani?

"Iko muzuri, mama," nikasema. "Iko muzuri sana."

"Andika basi."

Nikatia alama. Naye akatabasamu, na mimi, mjinga, nikaona furaha. Nilijiambia nitabadilisha nitakapokuwa nikinakili faili vizuri. Lakini Jumamosi, siku ya kumaliza matanga, mama mwenyewe aliwaambia kaka zangu, kwa majivuno ambayo sijawahi kumwona nayo, kwamba mtaalamu amekuta nyumba iko nzuri. Akasema mbele ya jamaa yote, sahani mkononi. Kaka yangu mkubwa alimshukuru kwa kuitunza nyumba ya baba yao. Kulikuwa na makofi. Baada ya makofi yale ningerudisha vipi neno?

Nilipeleka faili. Mwalimu alilisaini. Wiki iliyofuata alilisomea darasa zima kama mfano wa kazi safi, michoro, vipimo, hesabu, akanipa alama ambayo watu walisema hajawahi kumpa mtu. Wenzangu walinipigapiga mgongoni.

Bei ilikuwa imepita uwezo wa mama kwa kiasi ambacho nilikwisha kukijua kabla ya kufanya hesabu. Alipewa miezi mitatu. Wanawake wa sokoni walimtangulizia zamu yake, dada yake akaongeza kidogo, akauza cherehani. Haikutosha. Hapo ndipo nilipokwenda kwa mwalimu. Nilimkuta ofisini akila karanga, nikamwambia kwamba faili langu lina kosa, naomba kulisahihisha.

"Kosa gani, mademoiselle?"

"Chumba ya pili iko na ufa. Balipaka rangi juu."

"Uliiona ao hapana?"

"Niliiona."

"Na uliandika bon état, hali nzuri." Akaziweka karanga chini. "Nyumba ya nani?"

"Ya kwetu."

Nilitamani anipigie kelele, maana kelele zake tulizizoea. Akavua miwani, na bila miwani alionekana mzee sana.

"Minye niliweka signature yangu juu ya kuamini macho yako," akasema. "Wende kwa jamaa yako. Kabla ya kunieleza minye, baeleze bo."

Akanipa karatasi nyingine ya ukurasa wa tatu, tupu. Nilitia alama penye wastani, nikaeleza ufa, nikaeleza dari, nikafanya hesabu upya. Ndiyo kazi ya kweli pekee niliyoifanya mwaka ule. Nikaipeleka kwa baba mkubwa, ambako kaka zangu walikuwa wamefika kuulizia mambo yamefikia wapi. Baba mkubwa aliweka karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya, akazitazama kwa zamu.

"Ile ya kwanza uliiandika na macho makavu," akasema. "Hii umeiandika kisha mama yako kulia. Tuamini gani?"

"Hii, tata. Ile nilidanganya."

"Ulidanganya kusudi mama yako apoteze nyumba?"

Ningesema nini? Kwamba nilidanganya ili mama atabasamu? Waliniangalia wote, na niliona kwamba hakuna mtu pale ndani anayeweza kuamini kitu kama hicho, hata mimi kingenishinda kuamini kama ningeambiwa na mwingine. Tena ukutani hapakuwa na ufa wa kuonyesha. Nilisema twendeni tubomoe plasta, mtaona. Kaka yangu mkubwa akanishika bega kwa upole.

"Dada, hatukukasirikie. Siku ya kwanza ulisema kweli, na mama mwenyewe alisema mbele yetu. Usiharibishe kazi yako juu ya huruma."

Kwa kweli alikuwa ananihurumia. Mtoto wake mwenyewe alihitaji upasuaji mwaka ule, aliihitaji pesa ile, na bado alikuwa na nafasi ya kunihurumia.

Nyumba ilinunuliwa na mfanyabiashara wa vipuri vya malori. Siku ya kuhama mama alimtembeza mke wa mnunuzi, akamweleza saa ambazo maji huja, namna ya kuinua mlango wa nyuma kidogo kabla ya kuusukuma, jirani yupi aombwe chumvi na yupi asiombwe. Alieleza kwa utulivu, kama dada mkubwa. Nilimngoja nyuma ya gari, na alipofika nikamwambia yote: kwamba ningetia alama moja sentimita mbili pembeni, angebaki kwake.

"Nayua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu pale. Minye pia ninayua hesabu, mama, nauzishaka samaki." Akafunga beseni lake kwa kamba. "Haya yangu njo iliuzisha nyumba. Hapana kalamu yako."

Sikukubali, na sikubali mpaka leo. Yeye alikuwa mjane aliyetaka kusifiwa mara moja. Mimi nilikuwa nimefundishwa.

Sehemu yetu ya fedha ililipa deni la hospitali, na kilichobaki mama alikipeleka chuoni, ada yangu ya mwaka wa mwisho, bila kuniuliza. Kwa hiyo cheti kilicho kwenye ukuta wa ofisi yangu kimetoka ndani ya nyumba ile. Wateja hukisifia fremu yake. Nilipoolewa nilimwomba aje kukaa nasi, na mume wangu akamwomba pia, kwa moyo. Alikataa. Mama mkwe kulala chini ya dari moja na mkwe wake, kula mbele yake, kupishana naye asubuhi akitoka kuoga? Kwa watu wa kwao haiwezekani, na mimi nilijua kabla ya kuuliza. Kodi ninamlipia mimi. Nilimtafutia chumba kizuri zaidi ambacho mshahara wangu ungekifikia, katika parcelle, yaani uwanja wenye nyumba, wa mama mmoja mjane kama yeye, wapangaji wanne.

Mama yangu alikuwa mtu wa sauti. Kutoka kibarazani kwake aliweza kumwita mtu aliye kona ya pili ya barabara, na mtu akageuka. Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona baada ya misa, nimebeba wali, maharage na samaki niliyempika kama anavyopenda. Alinipokea langoni, akaniongoza kando ya ukuta, akafunga mlango taratibu. Nilikaa kitandani, yeye kwenye kigoda. Alisema kwa sauti ya chini sana mpaka nikamwuliza kama anaumwa koo. Akatikisa kichwa, akaonyesha ukuta kwa kidole: mwenye nyumba amepumzika. Nikaanza kumsimulia habari za mtoto wangu, jinsi anavyotembea akishika viti, na akacheka, halafu akajiziba mdomo kwa mkono.

Uani tukasikia kandambili za mwenye nyumba zikipita, zikisimama, zikipita tena. Mama aliinuka. Alichukua mkoba wangu kitandani akanipa, akaninyooshea kola ya blauzi kama nilipokuwa nikienda shule.

"Wende sasa, mama," akaniambia. "Mwenye parcelle hapendake bageni benye banakawia."

Ilikuwa saa saba na robo mchana. Chakula nilichomletea kilikuwa bado cha moto.